Rupia za Mezani

20 Machi 1994, Jumapili

Mimi Shomari bin Athumani, fundi bati, nina miaka sabini na nane. Mama alinizaa Mjerumani anakimbia na Mwingereza anaingia, kwa hiyo nilianza kuishi kuliko serikali hata sijajua kukaa. Nimeishi kuliko Mjerumani. Nimeishi kuliko Mwingereza na mbwa wake. Nimeishi kuliko nzige, kuliko foleni ya sukari, kuliko mke wangu Maulida, Mungu amrehemu, na sasa nimeishi kuliko karai la bati, maana yameingia mabeseni ya plastiki na hakuna anayeniletea karai kuziba. Lakini mimi nipo. Arusha nzima hakuna wa umri wangu anayetia uzi kwenye sindano bila miwani. Anayebisha alete sindano.

Kuandika nimejifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima. Mwalimu alisema mimi ndiye wa kwanza, ingawa cheti walimpa mwingine. Daftari hili kanipa Krunal, niandike mali za mtu wangu wa mchezo. Mtu wangu hana mali bado, basi nitaandika mambo yangu.

Krunal ni mtoto wa Pramila, mwenye duka la vitambaa. Barazani kwa Pramila ndipo ninapoziba masufuria tangu huyo Krunal hajazaliwa. Amerudi kutoka masomoni Uingereza na boksi lenye vitabu na dadu za ajabu, moja ina pande ishirini. Jumapili duka likifungwa tunakaa stoo, juu ya majora. Yeye anasimulia: mko pangoni, mnaona hiki na hiki. Sisi tunasema tunafanya nini. Dadu inaamua kama tumeweza. Ukimshinda adui unapata hazina, na hazina nyingine zina nguvu zake, upanga unaowaka, kofia ya kutoonekana. Ni ngano tu, ila uko ndani yake.

Tuko wanne. Mimi, Dimple dada yake Krunal, Gidion mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa mzaha, na Said, mume wa binti yangu Siwema. Said alipunguzwa kazi kiwanda kilipouzwa. Siku ya kwanza alikuja kuniletea salamu tu; kachori za Pramila zikamkalisha. Mtu na mkwe wake hawataniani. Lakini mezani mimi ni Jemedari na yeye ni Mwindaji, basi namwambia, “Mwindaji, tangulia, mbona unatetemeka?” na watu wanacheka, na yeye anacheka. Nje ya stoo tunarudi kwenye adabu yetu.

27 Machi

Masika imeingia kwa kishindo. Mlima hauonekani tangu Ijumaa.

Leo tumeua nyoka wa vichwa viwili. Mimi ndiye niliyekata kichwa cha pili. Krunal akatupa kamba moja na sarafu tatu za shaba.

Nikamwambia, “Kijana, nyoka wa vichwa viwili, kamba? Hata mchezoni unatupimia kwa mizani?”

“Mzee Shomari, nikiwapa kila kitu leo, kesho mtatafuta nini?”

“Tutatafuta kingine!”

Pramila alikuwa amekaa juu ya gunia anachambua mchele. Akasema, “Fundi, mwanangu anasema kweli. Zamani nikipata sabuni boksi moja, watu wanalala mlangoni. Sasa biashara ruksa, sabuni imejaa, angalia vumbi lake.”

“Vumbi ni la wasio na hela, Mama Krunal,” Gidion akasema. “Mimi mshahara wa Januari naungoja bado. Niwekee hiyo yenye vumbi.”

Jambo moja nimeshinda. Krunal alikuwa anasema vipande vya dhahabu, vipande vya dhahabu. Nikamwambia, mtoto wa hapa kipande cha dhahabu anakijua wapi? Sema rupia. Hela ya Mjerumani, aliyoizika akikimbia. Kila mtu anaijua na hakuna aliyeiona. Wakakubali wote. Said akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayesikia jina la mji wa kwao.

2 Aprili

Mvua. Nimeziba kibatari kimoja.

3 Aprili

Pasaka. Gidion hakuja. Tulicheza watatu, tukapata rupia kumi na mbili na kiatu kimoja chenye nguvu. Kimoja! Krunal huyu.

10 Aprili

Leo nitaandika sana maana leo nilikuwa mimi.

Krunal ametumwa Nairobi kuleta vitambaa, na barabara imekatika Namanga, hajulikani atarudi lini. Dimple akasema basi mchezo usimame. Nikasema usimame wapi, mimi nimesimulia ngano kabla babu yenu hajajua Kiswahili. Nikakaa kiti cha Krunal.

Kwanza nikatangaza ruksa. Mlinzi wa lango wamemwua kwa pigo moja, nikawapa: Dimple joho la kupita ukutani, Gidion mkuki unaorudi wenyewe mkononi, Said pete ya kutosikia njaa. Wakashangilia. Nikaongeza. Nikafungua na soko la vitu vya nguvu, muuzaji wake nikamfanya Mhindi mkali anayesema “mwisho hapo, fundi, mwisho hapo,” Pramila akanirushia punje za mchele.

Lakini baada ya saa moja mambo yakageuka. Gidion aliuza mkuki wa kwanza kwa bei nzuri. Wa pili bei ikashuka. Wa tatu muuzaji hakuutaka, maana nilikuwa nimewapa mikuki hata walinzi. Hakuna aliyeogopa tena. Likija joka wanasema, “Tumelichoma, endelea.” Dimple akapiga miayo. Pramila akanionesha kwa kidole sabuni yake yenye vumbi.

Mimi sishindwi. Nikasema: sikilizeni. Hivyo vyote ni takataka. Iko hazina moja tu, na ni ya mtu mmoja. Chungu cha rupia za Mjerumani. Na rupia hizo si za kununulia kitu. Zina nguvu, ukizisogeza karibu na saa, saa inasimama. Stoo ikawa na sauti ya mvua peke yake.

Wakauliza kiko wapi. Sasa mimi ngome za Ulaya sijaziona. Nikaeleza ninapopajua. Nikasema unapanda upande wa kaskazini wa mlima, ukavu na vumbi, unafika korongo lenye udongo mweusi kama majivu ya jiko. Pana jiwe lililopasuka kama mkate. Chini ya jiwe pana sale, ile mimea ya kuweka mpaka wa shamba. Huko ni Oldonyo Sambu, shambani kwa rafiki yangu Loishiye, nilikokuwa nikilala nikiwa turniboi wa lori. Jina sikulitaja, ingawa watu wa nyumbani kwangu wanapajua. Nilieleza tu, na nilieleza vizuri mpaka mwenyewe nikaliona lile jiwe.

Nilipokuwa naeleza nilimtazama Said. Ni mkimya kuliko wote, na Jumapili hii alifunga kachori mbili kwenye karatasi akatia mfukoni kwa ajili ya Salwa, mjukuu wangu, akidhani hatujaona. Nikataka chungu kiwe chake. Mchezoni naweza kumpa. Nyumbani sina cha kumpa, na hata ningekuwa nacho adabu ingenizuia kumpa waziwazi.

Said akauliza swali moja. “Baba, hizo sale zimepandwa na mtu au zimeota?”

Nikashtuka kidogo. Mezani huniita Jemedari.

“Zimepandwa,” nikasema. “Aliyezipanda alijua kwa nini.”

Hapo nikafunga, maana msimulizi mzuri hufunga pakiwa patamu.

11 Aprili

Mvua.

12 Aprili

Mvua. Gidion amepita barazani ananiita Gavana wa Benki Kuu.

14 Aprili

Siwema amekuja kutoka Sombetini, kalowa mpaka kitambaa cha kichwa.

“Baba, umemwambia nini Baba Salwa?”

“Mimi? Nimwambie nini mkwe wangu?”

“Ameuza redio. Amenunua sururu na kamba. Namuuliza, anasema nyamaza mama, kuna mambo ya wanaume.”

Nikasema labda amepata kibarua cha kuchimba mitaro, mvua hii mitaro ni mingi. Akasema kibarua gani mtu anatoka anatabasamu?

17 Aprili

Said hakuja mchezoni. Krunal bado yuko Nairobi. Nilisimulia, hapakunoga.

20 Aprili

Jambo zuri. Muuza nyama wa Kimandolu, yule asiyemwamkia hata shehe, leo kaacha kisu, “Shikamoo mzee wangu,” akanifungia maini nusu kilo, akakataa hela. Njiani kijana nisiyemjua akanishika mkono nivuke mfereji. Nyuma yangu nikasikia, “Huyo ndiye mzee wa rupia.”

Najua limetoka wapi. Gidion anasimulia shuleni na baa jinsi Mzee Shomari alivyompa mkuki akauuza kwa rupia. Anasimulia kama kichekesho. Lakini kichekesho kikivuka barabara hufika upande wa pili kimeacha kucheka.

Sikukana. Sikukubali pia. Nilicheka tu kama mwenye mali anavyocheka. Miaka sabini na nane, mtu anihonge maini leo, nimkatalie?

23 Aprili

Said kaja nyumbani. Amekonda, kucha zina udongo mweusi. Alileta sukari kilo moja, akakaa karibu na mlango kama mkwe mwenye adabu, macho chini. Kisha akasema:

“Baba, ule mzigo nimeuona. Nitaubeba mwenyewe. Usihangaike.”

Nikadhani anasema mzigo wa familia, wa mke na mtoto. Nikafurahi. Nikamwambia, “Mungu akusaidie, mwanangu. Ubebe. Mwanamume ni mzigo.”

Akainama akanibusu mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto kama wa mgonjwa.

26 Aprili

Gari kubwa jeupe limesimama mbele ya baraza, vioo vyeusi. Akashuka mtu wa miwani ya jua, na jua hatujaliona mwezi huu. Hakunisalimia shikamoo. Alisema, “Mambo, mzee,” kama naye ni rika langu.

Akaokota kibatari changu, akakigeuza. “Tunanunua rupia. Zako zina nguvu gani?”

Ndivyo anavyouliza Gidion mezani, maneno hayohayo. Nikamtazama miwani yake, nikajiona humo mara mbili, mzee na nyundo.

“Nani kasema ninazo?”

“Zinasimamisha saa?”

Ningesema ondoka. Lakini alisema kwa dharau, na nyuma yake muuza magazeti anasikiliza, na fundi viatu anasikiliza. Nikasema, “Saa ni kitu kidogo. Zangu zinasimamisha hata moyo.”

Hakucheka. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichofuata, akaweka kibatari chini taratibu sana, akaondoka.

Pramila akatoka. “Fundi, yule ni nani?”

“Mteja.”

“Mimi nauza miaka yote hii. Yule si mteja.”

29 Aprili

Krunal karudi. Nikamsimulia kwa majivuno jinsi nilivyoongoza mchezo. Mwanzoni alicheka. Nilipofika kwenye jiwe lililopasuka akaacha.

“Mzee Shomari, umetumia mahali pa kweli?”

“Mimi pa uongo nipajue wapi?”

Dimple akasema, “Na Said amepotea tangu siku ile.”

Nikasema hajapotea, aliniletea sukari nyumbani. Pramila akaniuliza, “Alipokuja na sukari alisemaje? Neno kwa neno.”

Nikamwambia: ule mzigo nimeuona, nitaubeba. Nilipokuwa nasema, nikayasikia upya.

Krunal hakuelewa. “Lakini alikuwepo! Aliona dadu. Anajua ni mchezo.”

“Wewe umesoma mbali, mwanangu,” Pramila akamwambia. “Baba mkwe hamwambii mkwe wake waziwazi, nenda mahali fulani kuna mali. Ni aibu. Anazunguka. Anafumba. Said amefikiri mchezo wote ni fumbo, fundi alikuwa anampa urithi mbele ya watu na watu wasijue.”

Na mimi nikambariki. Ubebe, nikamwambia.

Krunal akasema twende sasa hivi tumweleze. Nikakataa. Niende mimi, Shomari, nikasimame mbele ya mkwe wangu niseme sina kitu, sijawahi kuwa na kitu, nilikuwa nacheza kama mtoto? Nikasema atachimba atachoka, korongo lile halina hata mfupa. Krunal akanitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama. Siku zote nilimwona mtoto. Leo naona alikuwa mkubwa kuliko mimi chumba kile.

1 Mei

Mvua. Mchezo hakuna.

3 Mei

Loishiye kaja mjini, shuka limeganda tope. Hajaketi.

“Shomari, mkwe wako anachimba korongo langu. Nimemfukuza mara ya kwanza. Mara ya pili akaja na watu wa gari jeupe, na mmoja ana bunduki chini ya koti. Wameng'oa sale za mpaka. Baba yangu na jirani walizipanda kumaliza ugomvi. Wamezitupa kama majani ya ndizi.”

“Amefika chini kiasi gani?”

“Nikisimama juu simwoni. Namsikia. Na udongo ule unaujua, Shomari. Ukinywa maji haukai. Ng'ombe tu akikanyaga ukingo unateremka.”

Kesho asubuhi tunakwenda.

4 Mei

Tulipanda lori la mnadani, mimi na Loishiye, katikati ya mbuzi. Mvua ilituacha Ngaramtoni, ikaturudia mbele, nyembamba, isiyokatika. Upande ule ni wa kiu mwaka mzima, lakini masika hii hata huko ardhi imelewa. Makorongo yote yalikuwa yananguruma.

Jiwe lile lipo vilevile, limepasuka kama mkate. Chini yake palikuwa na mdomo mweusi na kamba inashuka. Gari jeupe kando. Wanaume watatu wamekaa ndani, wanakula mahindi ya kuchoma, na yule wa miwani ameegemea mlango chini ya mwavuli. Ukingo wa shimo ulikuwa unadondoka vipande vidogovidogo, polepole, kama mtu anayemwaga chai ya moto kwenye kisahani.

Nikapiga magoti nikaita. “Said!”

“Labeka, baba.” Sauti ilitoka mbali, yenye furaha. “Umekuja kuona? Nimekaribia. Udongo umebadilika rangi.”

“Toka! Hakuna kitu! Ilikuwa mchezo, mwanangu. Dadu! Chungu nilikitunga mimi!”

Kisha akasema chinichini, nisikie mimi peke yangu, “Baba, nimeelewa. Usiseme mbele yao.”

Nikageuka kwa wale. Nikaapa kwa jina la Mungu. Nikasema ni ngano, ni kitabu cha mtoto wa Kihindi. Wa miwani akamwambia mwenzake, “Umesikia? Mzee ametoka mjini na mvua hii kuja kusema hakuna. Basi ipo.” Akatupa gunzi ndani ya korongo. “Dogo, endelea. Sururu!”

Sururu ikaanza. Kila pigo ukingo unapumua. Loishiye akanivuta nyuma, maana nilipokuwa nimepiga magoti palikuwa pameingia ufa, mwembamba kama uzi.

Nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona katika maisha yangu yote. Nikisema kweli watu hawanisikii. Hawajawahi. Nikijisifu tu ndipo wanapoacha wanachofanya wakanitazama.

Nikasimama. Nikaweka mikono kiunoni. Nikacheka kile kicheko cha maini.

“Chimbeni,” nikasema. “Chimbeni mpaka Ulaya. Mnafikiri Shomari ni mjinga wa kuacha chungu ardhini miaka yote? Nilikitoa mwenyewe! Mwaka ule wa njaa ya yanga, tulipokula unga wa njano wa msaada, peke yangu, kwa mikono hii. Rupia zote!”

Sururu ikasimama.

Wa miwani akavua miwani. Ana macho madogo, yamechoka. “Ukazipeleka wapi?”

“Nairobi. Nikauza kwa Mzungu mmoja. Nikala. Hoteli, pombe, wanawake wawili kwa mpigo. Nilivaa suti nyeupe! Hela ilipoisha nikarudi kuziba masufuria. Nilimweleza huyu kijana pale mahali palipokuwa na mali, naye kachimba.”

“Mwongo.”

Hapo Loishiye, ambaye hajapata kunisifu tangu tujuane, akatema mate pembeni. “Kumbe ni wewe!” akasema kwa hasira. “Kumbe ndilo lile shimo! Mwaka wa yanga ndama wangu alivunjika mguu kwenye shimo hapahapa, nikagombana na jirani mpaka wazee wakaingilia. Shomari, ndama wangu utanilipa!”

Nikamtukana. Akanitukana kwa Kimaasai. Tukashikana nguo, wazee wawili kwenye tope. Wale walipoona tunagombania ndama wa zamani, wakaamini.

Kamba ikatikisika. Said akapanda. Alikuwa mweusi wote kwa udongo isipokuwa macho. Alisimama mbele yangu, nikangoja anipige. Angenipiga nisingeinua mkono.

Akainama. “Shikamoo, baba.”

“Marahaba,” nikasema.

Akaenda zake bila kuchukua sururu.

5 Mei

Loishiye katuma neno na dereva wa lori. Korongo limeshuka asubuhi, jiwe na yote. Shimo halionekani lilikuwa wapi. Sururu imo humo.

8 Mei

Siwema kaja. Hakukaa, na mwavuli hakukunja.

“Mama alikufa tumeambiwa tununue sindano wenyewe,” alisema. “Ulikaa barazani hospitali ukalia. Ukaniambia, mwanangu, sina. Nilikuamini. Nikauza vitenge vyangu, havikutosha. Mwaka wa yanga uliwahi kuvaa suti nyeupe?”

Ulimi ulikuwa umeshika kweli yote, tayari. Lakini nikimwambia yeye, usiku huohuo Said anajua. Akijua sikukitoa, ataamini bado kipo. Mtu aliyesema nimekaribia hawezi kulala. Atarudi na sururu nyingine.

Nikasema, “Ndiyo. Nyeupe.”

Akanitazama mpaka nikatazama chini. Akaondoka na Salwa mgongoni. Salwa alinipungia mkono. Huyo hajui.

12 Mei

Muuza nyama hanioni. Msikitini nafasi ya pembeni yangu inabaki wazi, watu wanajibana upande wa pili. Hoteli, pombe, wanawake: maneno yamefika kabla sijafika. Miaka sabini na nane najijengea jina. Nimelivunja mwenyewe kwa pumzi moja, tena nimelivunja vizuri. Hata uongo hakuna anayenishinda Arusha hii.

15 Mei

Gari jeupe limepita mbele ya baraza taratibu. Halikusimama.

Krunal anataka kwenda kwa Siwema na boksi lake aoneshe dadu. Nimemkataza. Akaniuliza, “Mpaka lini, Mzee Shomari?” Nikaokota nyundo nikagonga kibatari kisicho na tundu.

17 Mei

Limepita tena. Wa miwani kashusha kioo. “Mzee. Rupia zote, hata moja hukubakisha ya ukumbusho?”

Nikamwambia sikubakisha.

“Mtu kama wewe hubakisha moja,” akasema, akapandisha kioo.

19 Mei

Mlango wa nyumba nimeukuta wazi. Kitanda kimegeuzwa, sakafu imechimbwa pembe zote. Hawakuchukua kitu. Nilikuwa na nini? Nimesawazisha udongo kwa mguu. Nimemwomba Pramila amtafutie Said kazi kwa ndugu zake Babati, ya stoo, waondoke wote watatu, na asiseme ombi limetoka kwangu. Amekubali. Aliniangalia akasema, “Fundi, na wewe?” Nikamwambia mimi nimeishi kuliko Mjerumani.

21 Mei, Idd

Mvua imepungua. Mlima umejitokeza asubuhi, mweusi, umejisafisha kama hauhusiki.

Siwema na mumewe wameondoka jana na basi la Babati. Hawakupita kuaga. Ila alfajiri ya jana nilikuta mlangoni sukari kilo moja kwenye karatasi, imekunjwa kama ile ya kwanza. Sijui nani kaiweka. Sijaifungua.

Loishiye amepanda sale mpya juu ya maporomoko, yeye na jirani yake, wamepatana. Anasema zitachukua masika nyingine kushika vizuri. Zikishika, na udongo ukikaa, hapo mwanangu Siwema aambiwe. Kabla ya hapo mtu asifungue mdomo.

Gari liko ng'ambo ya barabara sasa hivi. Limezima. Mimi nimekaa barazani, mbele ya watu, naandika ili waone naandika, na nyundo iko pajani.

Anayesoma akiona Shomari kajisifu sana, asinisadiki mimi. Amuulize Pramila, aliyekuwa juu ya gunia akasikia kila neno la chungu. Amuulize Krunal na dada yake Dimple, wana dadu wataonesha. Amuulize Gidion, akiweza kuacha kucheka. Amuulize Loishiye wa Oldonyo Sambu habari ya ndama, maana mwaka wa yanga Loishiye hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Shahidi mkubwa ni Said mkwe wangu. Huyo asiulizwe neno. Atazamwe tu akipita Babati na mtoto mgongoni, anatembea juu ya ardhi.